Sekunde Ishirini

Saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, lifti ya hoteli ilifunguka ikiwa sentimita tatu chini ya sakafu. Fundi alichuchumaa, akatoa rula yake ya kukunja, akapima mara mbili. Tatu kamili. Mgeni mmoja mwenye begi la magurudumu alijikwaa kwenye kizingiti hicho, akalaani chinichini, akaenda zake.

"Mzee, umekuja kulala au kupima?" aliuliza dada wa mapokezi kutoka nyuma ya kaunta.

"Kulala. Ila napima kwanza."

"Vitanda viko juu. Hapo chini utaumia mgongo bure."

Hii ilikuwa hoteli ya tatu tangu asubuhi. Ya kwanza bei yake ilimfaa, lakini haikuwa na lifti. Ya pili lifti ilikuwepo, ila mlango wake ulikuwa na upana wa sentimita sitini na tano, na kiti cha magurudumu cha mkewe kina sitini na nane. Hii ya tatu ilikuwa na kila kitu: maua mabichi, mazulia yanayomeza sauti ya viatu, bafu lenye vishikio ukutani, na bei ambayo alipoisoma mara ya kwanza alidhani ni namba ya simu.

Alikuwa ametengeneza lifti za mji huu miaka thelathini na moja. Mji aliujua kutoka juu. Mkewe aliujua kwa kusimuliwa. Kila jioni alipokuwa akinawa mikono ya grisi, mke alimuuliza leo umefika ghorofa ya ngapi, umeona nini, na mwisho wa mazungumzo ulikuwa uleule: siku moja na mimi utanipandisha. Hiyo siku moja ilikaa hivyo hivyo mpaka moyo wa mke ukaishiwa nguvu, miguu ikavimba, akawa mtu wa kiti. Juzi daktari alisema hakuna ubaya wakienda mahali kwa siku mbili, mradi kusiwe na ngazi. Mke hakungoja wafike nyumbani.

"Nataka hoteli ya maana," alisema. "Ya taulo nyeupe. Na dirisha la kuliona paa letu kutoka juu."

"Paa letu lina nini cha kutazamwa?"

"Nimeishi chini yake miaka yote hii, fundi. Sijawahi kuliona."

Tangu juzi hiyo mke hakuwa amepata usingizi. Akijilaza, pumzi zilimkata. Usiku kucha aliketi ameegemea mito. Asubuhi fundi alitaka kuahirisha, lakini mke akamfukuza kwa mkono.

"Nenda, bwana. Ukinikodolea macho hivyo ndiyo usingizi utakuja? Nimesema nataka mapumziko, sikusema nataka mlinzi."

Kwa hiyo fundi alimwachia shemeji yake, mdogo wa mkewe, maagizo mawili. Dawa saa sita. Na la pili: "Akipata usingizi, niambie tu, roho yangu itulie."

Meneja wa hoteli alikuja akiwa ameshaandaa tabasamu la kumtoa mtu nje kwa adabu.

"Breki ya lifti yako imelika," fundi alimwambia kabla hajafungua mdomo. "Inapitiliza. Leo sentimita tatu. Mwezi ujao mtu atavunjika mguu."

"Kampuni yetu inakuja wiki ijayo."

"Na wiki iliyopita ulisema hivyo hivyo."

Meneja akamtazama dada wa mapokezi. Dada akatazama maua.

"Nani kakwambia?"

"Kizingiti. Kina alama za viatu za miezi." Fundi alikunja rula. "Mimi naitengeneza leo. Wewe unanipa chumba cha ghorofa ya tisa kwa bei ya kile cha nyuma ya jiko. Jumamosi na Jumapili."

"Mzee, wewe ni fundi au dalali?"

"Leo ni mume wa mtu."

Meneja alicheka bila kutaka, na mtu akishacheka hivyo huwa ameshakubali.

Saa tano na dakika kumi na mbili, fundi akiwa kwenye mlango wa chumba cha mashine, simu ililia ujumbe mara moja. Alivaa miwani. Ulitoka kwa shemeji: *Shemeji dada amepumzika.*

Alishusha pumzi ndefu. Siku mbili! Aliandika kwa kidole kimoja, kwa uangalifu: *Afadhali sana. Usimwamshe hata kwa dawa.* Kisha akazima simu. Hiyo ilikuwa kanuni yake tangu ujana: breki ikiwa wazi, simu inazimwa.

Alifanya kazi saa mbili na nusu, na muda mwingi alikuwa akipiga mbinja. Alisafisha breki, akabadilisha vipande vilivyolika, akakaza, akajaribu. Aliipandisha na kuishusha lifti mara kumi na nne, akipima kila kizingiti. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Lifti isipoitwa ilirudi yenyewe chini na kufungua mlango, kama ilivyotakiwa. Likabaki jambo moja. Mlango ulikuwa umepangwa kukaa wazi sekunde nne, muda wa kumtosha kijana mwenye haraka. Fundi alifikiria magurudumu madogo ya mbele, blanketi linaloning'inia, mke anayesema ngoja kwanza. Akaweka ishirini.

"Mzee!" dada wa mapokezi aliita alipomwona tena. "Mbona mlango umeganda? Unamngoja nani?"

"Unamngoja mke wangu."

"Haya, wengine tumeolewa na watu gani sijui."

Akampa ufunguo akakague chumba. Taulo zilikuwa nyeupe. Mlango wa bafu, sentimita themanini na mbili. Fundi alisogeza pazia na kuanza kutafuta, mtaa kwa mtaa, hadi alipoliona tangi la maji la bluu, na chini ya tangi, paa lao. Lilikuwa dogo kuliko alivyotegemea, na lilikuwa na kutu upande mmoja. Alijua mke angecheka. Uani kulikuwa na watu, kama kumi hivi. Maji yamekatika tena, aliwaza. Majirani wamekuja kuchota.

Saa nane na dakika ishirini alikuwa kwenye kaunta. Dada alifungua daftari.

"Wageni wangapi?"

"Wawili."

"Kitanda kimoja kikubwa, au viwili?"

Fundi alisita. Mke hulala ameketi. Pengine angetaka nafasi. "Ningempigia nimuulize. Lakini amepumzika."

Kalamu ya dada ilisimama. "Umesema?"

"Amepumzika. Alikuwa hajalala siku mbili. Tazama, shemeji kaniandikia." Akawasha simu, akasubiri iwake, akaufungua ujumbe na kumwonyesha.

Dada aliusoma. Aliilaza kalamu juu ya daftari, taratibu.

"Baba," alisema. Tangu asubuhi alikuwa akimwita mzee. "Huyu shemeji yako, mtu akilala, huwa anasema hivi?"

Fundi aliichukua simu. Yalikuwa maneno matatu, hayakuongezeka wala kupungua. Yalikuwa yameandikwa saa tano na dakika kumi na mbili. Jibu lake lilikuwa chini yake. Na wale watu uani, alikuwa amewaona vizuri kabisa. Hakuna aliyekuwa na ndoo.

Simu ikaita mkononi mwake.

"Shemeji," sauti ilisema, imekauka. "Tumekutafuta tangu saa tano. Nilikuandikia."

"Uliandika amepumzika."

"Ndiyo, shemeji. Ukasema nisimwamshe. Nikampa kaka yetu simu asome, nikadhani labda mimi ndiye sielewi."

"Saa ngapi?"

"Saa tano. Aliniambia nimsogezee mto. Akauliza kama umepata hoteli, nikamwambia bado. Akasema atapata tu huyo, anapima kwanza."

Fundi aliitikia kwa kichwa, kama vile shemeji angeweza kumwona. Aliiweka simu kwenye kaunta, juu ya daftari, palipoandikwa wawili.

Saa nane na dakika thelathini na moja lifti ilishuka tupu. Ilisimama sawa na sakafu. Mlango ulifunguka, ukakaa wazi sekunde ishirini, kisha ukajifunga.