Épreuve ya Willy

Studio ya picha ya tonton Placide ilikuwa ku Kadutu, pale barabara inaanza kupanda kuelekea marché, ile soko. Mulango ya bleu, na mu vitrine picha tatu za harusi zenye jua ilikuwa imeisha kula nusu. Tonton ni kaka ya mama yangu. Mwaka 1999, vita ya pili tayari imetukalia juu, miye nilikuwa nimemaliza graduat yangu, miaka tatu ya chuo kikuu, ya chimie-biologie na hakuna shule moja ilikuwa inatafuta mwalimu. Mama akachoka na miye. "Colombe, enda usaidie ndugu yangu," akasema. "Ukibaki hapa utaongelesha hata sufuria."

Nilifika kule na mawazo mingi kuliko studio ilikuwa na viti.

Sasa sikiliza shida ya studio. Tonton alikuwa anapiga mutu picha, anatengeneza picha tatu bidogo bya kuchagulia, anabiweka mu enveloppe, ile bahasha, anapatia client. Bile bidogo njo tunaita épreuve, neno yenye mu Kifaransa ni majaribu pia. Client anapaswa kuchagua moja, arudie kuagiza picha ya kweli, kubwa, muzuri. Nani alikuwa anarudia? Banafika nyumbani, banacheka, banabandika épreuve ku ukuta, imeisha.

Nikasema, tonton, tusibape enveloppe, tubakalishe. Nikaleta viti mbili, kitambaa nyeusi ya kufunika meza, lampe moja inaangalia chini, na termosi ya chai. Client anakaa, anakunywa. Miye natoa picha moja, nanyamaza. Natoa ya pili, nanyamaza. Yenye kuwa muzuri kupita zote inakuya ya mwisho. Na kama mutu anatoa sauti kidogo mu koo, hata kidogo tu, pale pale naweka kadre, fremu kubwa, juu ya ile picha. Tonton alisimama ku mulango ananiangalia.

"Imekuwa misa hapa," akasema. "Bado tu kupitisha kitunga ya matoleo."

Mais kazi ilitembea. Batu ba bureau, banafunzi, bamaman ba chorale, bote banakaa, banatoa sauti. Shida ilibaki moja. Mbele ya kuagiza banataka kubeba épreuve nyumbani, bwana aone kwanza. Hapo tonton akarudisha ujanja yake ya zamani. Picha, ikitoka mu dawa ya kwanza yenye inaamusha uso, inapaswa kuingia mu dawa ya pili, fixateur, yenye inafunga uso ibaki. Épreuve, yeye haiingize mu ile ya pili. Anaiosha na maji tu. Ukiifungia mu enveloppe inabaki. Ukiiacha ione mwangaza, inaanza kugeuka mauve, rangi ya zambarau, kisha brune, kahawia, pole pole, mpaka mutu anapotea. Client anarudi mbio.

"Haiko wizi," tonton alikuwa anasema. "Épreuve ni ya kuchagulia, haiko ya kuweka."

Ku Kadutu bote balijua, banaicheka. Maman Agnès wa pharmacie alituingilia asubui moja na épreuve ya bwana yake mu mukono. "Placide, bwana yangu anaungua. Mumuzimishe, nitalipa."

Basi njo Maman Madeleine alikuya. Alitoka Kasha kule, na miguu, mwalimu wa primaire, na Willy, mutoto yake mwanaume, yeye moja tu. Willy alikuwa na miaka 19 na jino moja yenye ilipanda juu ya ingine. Mu Kasha batu ba bunduki balikuwa banapita magaribi, banakamata bavijana, banabapakia mu camion. Mama akaona heri Willy aende Kamituga, kwa tonton yake mu machimbo. Alikuwa anaenda kesho yake. Balikuya kupiga picha mbele ya safari.

Tonton alipiga, akatengeneza épreuve saa ile ile. Nikabakalisha, nikamimina chai.

"Maman, hizi ni épreuve," nikasema.

Akaniangalia miye mbele ya kuangalia picha. "Épreuve tena? Ma fille, zenye tuko nazo hazijatosha?"

Willy akacheka. "Maman, haiko ya Mungu. Ni ya studio."

"Ya Mungu ao ya studio, yote inakuya bila kupiga hodi."

Nikatoa ya kwanza, nikatoa ya pili. Ya tatu, Willy iko anacheka, lile jino inje, na mama akatoa sauti. Eee, kidogo tu. Nikaweka kadre.

Maman Madeleine akasukuma kiti nyuma. "Kubwa hivyo, yeye peke yake, mu kadre? Ile banaibebaka mbele ya sanduku ya maiti."

"Acha balete ile kadre, maman," Willy akasema. "Utazoea."

Akamupiga ku mukono. "Funga mudomo."

Nikamwambia ile kidogo haidumu. Akasema hata shiye hatudumu. Akasema Willy akirudia bataagiza ile kubwa, bakiwa pamoja, yeye amekaa ku kiti na mutoto amesimama nyuma, vile inafaa. Akabeba ya kucheka mu enveloppe, bakaenda.

Kisha barabara ya Mwenga, ile ya kufika Kamituga, ikafungwa. Leo banasema imefunguka, kesho banasema camion imechomwa. Ku paroisse kulikuwa phonie, ile radio ya kuitana, batu banapanga mustari kuita Kamituga, na mara mingi ilikuwa inajibu makelele tu, kama mafuta mu kikaango. Na shiye pia hatukupata tena bintu. Dawa zetu zilikuwa zinatoka Bujumbura. Bidon ya mwisho ya fixateur, tonton aliichanga na maji, akaichanga tena, kisha hata maji ikakataa.

Asubui moja Maman Madeleine akaingia, hakusalimia. Alikuwa na Biblia imefungwa mu kikwembe. Akaifungua juu ya kitambaa yangu nyeusi. Épreuve ilikuwa mu kati. Ilibaki nywele na macho. Jino haikuonekana, mudomo pia. Kipande ingine yote ilikuwa rangi ya chai.

"Mulisema ni épreuve," akasema, sauti chini. "Nikakubali. Nimefunga kula, nimesali. Mais ona. Kila siku anaenda kidogo. Weye ulisoma, niambie. Banamufanya nini kule?"

Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kabisa, juu kwa mara ya kwanza tangu vita mutu ananiuliza kitu na miye nina jibu. Nikaruka. "Maman, hapana, hapana, haiko Willy. Ni picha tu. Haikufungwa na dawa. Ni mwangaza inaiharibu. Kila mara mwangaza inaigusa, inaenda kidogo. Willy hana kitu mu ile. Ni chimie, mambo ya dawa."

Akaangalia Biblia.

"Naifunguaka asubui nikiamuka," akasema. "Na midi, nikitoka ku masomo. Na mbele ya kulala, ku taa."

"Ndiyo, maman. Basi ni ile."

"Basi ni miye niko namumaliza na macho."

Nikafunga Biblia juu ya épreuve, mwangaza isiiguse tena.

Tonton alikuwa amesikia. Akakaa ku kiti ingine ya client.

"Tengeneza ile kubwa," Maman Madeleine akamwambia. "Na kadre. Sitasema tena mambo ya sanduku."

"Madeleine, dawa ya kufunga hakuna. Nikikupatia ile kubwa leo, itafanya sawa hii. Kubwa inapotea sawa kidogo."

"Bujumbura?"

"Njia imefungwa."

"Goma?"

"Niliuliza."

Hapo nikakumbuka kama chumvi mingi sana mu maji inaweza kusaidia picha kidogo, prof alitusemea siku moja, mbele ya yeye pia kukimbia. Chumvi ilikuwa bei kali mu marché, mais Maman Madeleine alileta yake ya nyumbani, yote, mu nailoni. Tukatengeneza picha mupya ya Willy, tukailaza mu maji ya chumvi mpaka kesho yake. Ilitoka muzuri. Lile jino, kola ya chemise, yote. Tukaiweka ku meza, shiye batatu tunaiangalia kama chungu ya maharagi. Saa kumi pembe zilianza mauve.

"Ulisoma mpaka graduat?" Maman Madeleine akaniuliza.

"Ndiyo, maman."

"Bon."

Njo ile ilinichoma.

Ni tonton alipata wazo. "Aingie mu chambre noire," akasema. Mu kile chumba ya giza kuna lampe nyekundu, na ile nyekundu haidhuru picha. Maman Madeleine akaingia na kikwembe yake. Nikaweka kartasi mu dawa ya kwanza, ile ilibaki, nikatingisha bassin. Kwanza hakuna kitu. Kisha nywele, kisha macho, kisha mudomo ikafunguka na jino ikatoka.

"Njo huyu," akasema. Akaweka mukono ku ukingo ya bassin, hakugusa maji. "Njo huyu kabisa."

Tulikaa mule mpaka magoti yangu ikauma. Saa ya kutoka, nikamuuliza kama anaibeba. Akasema hapana, aibebe kufanya nini, isione inje. Akatoka peke yake mu jua, na picha ikabaki kwetu, tukaiacha igeuke mu fasi yake.

Akawa anakuya kila samedi, kila Jumamosi. Kasha mpaka Kadutu, na miguu. Ku phonie mutu mumoja alisema bavijana ba ile chimbo balikimbia kuelekea Shabunda. Mwingine akasema hapana, balirudia. Yeye anatusimulia zote mbili na sauti moja, kisha anaingia mu giza, na miye namutolea Willy mu maji. Tonton hakumuomba kitu. Kartasi ilikuwa inashuka mu carton, na bateja balikuwa bameisha kupotea, nani anapiga picha ya kupotea?

Samedi moja carton ilikuwa tupu. Nilipindua, nikapiga ku chini. Maman Madeleine iko amekaa, anangoja. Nikaingiza négatif ya Willy, filme ya kutolea picha, mu agrandisseur, ile machine ya kutupa picha juu ya meza, nikawasha. Nilifikiri, ikose kartasi, uso utaonekana tu.

Nilisahau kama mu négatif bintu byote binageuka. Juu ya meza uso ilikuwa nyeusi kabisa, na nywele nyeupe.

"Ni nani huyu muzee?" akauliza.

"Ni yeye, maman. Pole. Mu négatif nyeusi inakuwa nyeupe. Nazima."

"Acha."

Akavuta kiti. Akainama karibu sana, mpaka kivuli ya kichwa yake ikamugusa, akarudi nyuma kidogo.

"Nywele nyeupe," akasema. "Amefika mpaka huku, mu uzee." Kisha akaambia ile uso, haiko miye: "Weye, ulipita na njia gani?"

Tonton akagonga ku mulango. "Colombe, zima. Ile lampe ni moto, itachoma négatif. Na ile ikiungua hakuna tena kitu."

Mukono yangu ilikuwa ku bouton. Harufu ya kitu ya kupata moto ilikuwa imeanza, kidogo.

"Maman," nikasema.

"Ngoja," akanijibu, hakugeuka. "Ngoja aniambie kama alioa."