Kidoti cha Saba

…na hiki cha saba bado kiko wazi, sita juu yake vina majina, vitatu chini yake vina majina, hiki kidoti cheusi tu kwenye kioo cha kompyuta na kile kimstari mbele yake kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima, kinangoja, na jina lipo hapa kwenye karatasi ya meneja, mlinzi wa ghala, miaka ishirini na sita kazini, juu yake WATUMISHI WANAOPUNGUZWA, kwa sababu wanunuzi binafsi wamekuja na kakao haipiti tena kwetu ushirika, lakini mimi ni mkamwana wake jamani, tangu niolewe sijalitamka jina la baba mkwe, kwetu ni mwiko, hata moyoni nalipita pembeni, kama yeye anavyozunguka nyuma ya ghala kila asubuhi akisikia viatu vyangu ili tusikutane uso kwa uso, miaka kumi ua mmoja na ninachokijua ni mgongo wake… "Mama Eliya, umemaliza?" meneja huyo, Bwana Wenceslaus, mgeni, mila zetu atazijulia wapi… "Bado kidogo, bwana meneja"… kidogo gani, jina moja, nikifute hiki cha saba? nikibonyeza cha kufutia kidoti kinapotea na cha nane kinapanda kushika nafasi, hakuna pengo, si kama mashine ya taipu, ukikosea karatasi nzima inakusema, hapa ni kama mtu hakuwahi kuwepo, ila atahesabu, alisema kumi, ataona tisa, ataandika mwenyewe kwa kalamu… na kompyuta hii nisingeijua bila baba mkwe, mume wangu alikataa nisiende Mbeya kusomea uhazili, mzee akasema kutoka upande wa pili wa ukuta, "Mwache mwana akasome," akauza dume lake la ng'ombe, nami nikamtuma Eliya, mwambie babu ndaga fijo, hata asante yangu ilipita kwa mtoto… "Basi nisomee nisikie, kama kuna jina la kuzungumzia tuzungumze sasa, nikishasaini imekwisha"… nasoma, sauti si yangu, Zubery, Isack, Angetile, Kheri, Halima, Nsajigwa… "Wa saba?"… kuzungumza, amesema tuzungumze, nikisema mlinzi atauliza yupi, wapo wawili, nikisema baba mkwe atauliza anaitwa nani, na nikikaa kimya ndiyo heshima hiyo? mzee atolewe kwa vidole alivyovisomesha mwenyewe, mimi nimeinama hapa mkamwana mwema, hapana, naogopa, wakisikia nyumbani watasema sina adabu, waseme… "Mama Eliya, wa saba ni nani?" kimstari kinawaka, kinazima, nisamehe baba, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe silipiti pembeni, "Asajile, bwana meneja, anaitwa Asajile, ni baba mkwe wangu, tumzungumzie."