Mfupa Haujashika

Daktari alinieleza kwamba nyonga mpya ya mama haikugandishwa kwa saruji. Chuma chake kimepakwa utando wa kukwaruza, ili mfupa uote humo na kukishika.

"Mpaka mufupa ikamate, asikanyage na ule muguu," alisema. "Chuma ikicheza, tutarudia kupasua."

Nikamleta mama kwangu, nikawa askari. Alipojigeuza tu kitandani, moyo uliniruka. Wamama wa kanisa waliotaka asimame waombe, niliwafukuza.

Lakini kwetu mama mkwe haonani na mkwe wake. Mume wangu Germain alitakiwa kukohoa mlangoni, nimfiche mama kwanza. Jana alitoka kiwandani Shituru mapema, akaingia kimya. Mama alikuwa sebuleni, kwenye kiti. Aliinuka, akaacha magongo, akakimbilia chumbani kwa miguu yote miwili!

Nilimtukana Germain hadi nikaishiwa maneno. Kisha nikasogea kwenye pazia la chumba.

"Mama, chuma imecheza? Inauma?"

Nilimsikia akihema.

"Mama, jibu!"

"Ambia bwana yako atoke kwanza," alinong'ona.