Nthambi na Kanisa la Stoo ya Maharagwe

Mwinjilisti Erastus Gathogo alifika Kathiani mwezi wa pili, mwaka wa 2016, akiwa na baiskeli, Biblia mbili na barua ya kanisa lake. Alikuwa ametumwa na kanisa la Presbiteri la mjini Machakos. Waumini wengi wa pale walikuwa wafanyakazi wa serikali na wafanyabiashara waliotoka Murang'a na Kiambu, na kila mmoja wao alipohama, nafasi yake ilibaki tupu. Wakulima wenyeji walikuwa wachache mno. Ndiyo maana wazee wa kanisa walimwambia Erastus apande milimani akaanzishe mahali pa ibada.

Jumapili ya kwanza watu kumi na wanne walikaa chini ya turubai karibu na soko. Erastus alijua Kiswahili na Kikuyu. Kikamba alikuwa anabahatisha tu. Akitaka kuwapendeza wenyeji, aliwaita wanawake mbele waimbe, akasema "atumia". Kwa Wakikuyu hilo ni neno la wanawake. Kwa Wakamba, atumia ni wazee wa kiume. Wazee watatu waliinuka na fimbo zao, wakasogea mbele, wakangoja kuambiwa waimbe nini. Watu walicheka mpaka ibada ikaharibika. Jumapili iliyofuata walikuja watano. Ya tatu alikuja mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Nthambi, mjane wa Ndeti, mwalimu wa chekechea aliyestaafu, mwenye miaka sitini na miwili. Alikaa kwenye benchi la mbele, akasikiliza mahubiri yote kana kwamba turubai limejaa. Erastus alipomaliza alimshukuru, akaanza kukunja vitu vyake.

"Unaenda wapi?" Nthambi akamuuliza.

"Narudi Machakos, mama. Nitawaambia wazee kwamba hapa pamekataa."

"Hapa hapajakataa. Watu wa hapa wanasikia Kiswahili vizuri, lakini mtu akiwa na shida anaomba na Kikamba. Wewe unataka waombe na lugha ya ofisi." Akamtazama kidogo. "Niko na shamba la kulima. Njoo kesho asubuhi, nitakufundisha."

Erastus alidhani atapewa daftari. Alipewa jembe. Nthambi alikuwa katika mwethya, kikundi cha majirani wanaosaidiana kazi, na wiki ile walikuwa wakichimba mitaro ya kuzuia udongo kwenye mteremko wa jirani mmoja. Kila chombo alichoshika alitajiwa jina lake, na alipokosea alisahihishwa na watu ishirini kwa pamoja. Mikono ilimtoka malengelenge. Siku ya tatu hakuweza kufunga vifungo vya shati, lakini siku ya nne alirudi.

Alilima hivyo mwaka mzima. Alizika wafu wa watu, alikula nao isyo ya mahindi na maharagwe, na polepole akaanza kutania kwa Kikamba. Siku alipohubiri bila kuchanganya lugha, chini ya lile turubai walikuwa watu thelathini na wawili, na mvua ikawanyeshea wote.

Hapo ndipo Nthambi alipomwendea Othman, mfanyabiashara Mwislamu wa mjini Machakos aliyekuwa na stoo ya maharagwe sokoni Kathiani. Watoto wake wawili walikuwa wamepita katika darasa la Nthambi.

"Mama Muli," Othman alisema, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama wengi walivyomwita, "Jumapili mimi sifungui. Chukueni ufunguo. Magunia tutayapanga ukutani."

Wenzake walipomuuliza sababu, alijibu kwamba mtu aliyemwomba Mungu ndani ya stoo yake hatamwibia maharagwe.

Waliabudu katika stoo hiyo miaka miwili. Mchungaji alipopanda kutoka mjini, alibatiza watoto kumi na mmoja siku moja, huku mama zao wamekalia magunia. Kisha wakapata kiwanja, na mwethya ukafyatua matofali. Ilipofika mwaka wa 2019 walikuwa zaidi ya themanini, na ukafika wakati wa kuchagua wazee wao wenyewe, kwa maana katika kanisa la Presbiteri washirika ndio huwachagua wazee wa kuliongoza.

Jina la Nthambi lilipotajwa, Muema alisimama. Alikuwa mkulima mwenye sauti nzito, anayeheshimiwa.

"Mama Muli tunamheshimu sana," alisema. "Lakini mzee wa kanisa awe mwanamume. Hata jina lenyewe ni mzee."

Erastus alifungua mdomo kueleza sheria ya kanisa, lakini mke wa Muema, Wayua, alikuwa amekwisha kusimama.

"Baba Kamanthe, ulipovunjika mguu, ulilala miezi minne. Nani alileta mwethya kwetu? Nani alikaa na mimi hospitali?"

Muema akamtazama Nthambi.

"Basi hiyo ndiyo kazi ya mzee," Wayua akasema, akaketi.

Walipiga kura kwa vikaratasi. Nthambi alipata kura nyingi kuliko wote, na Muema naye akachaguliwa. Baada ya ibada Muema alimfuata Nthambi nje, kofia mkononi.

"Nilikosea, Mama Muli."

"Ulisema wazi mbele ya watu," Nthambi akasema. "Mimi namwogopa yule anayesemea nyuma ya nyumba. Kesho tuanze na wagonjwa wa upande wenu."

Walitembelea nyumba pamoja miaka mitano, na Muema mwenyewe alikiri kwamba hakuwahi kumtangulia kufika.

Mwaka wa 2024, familia mbili zilizohamia Matuu ziliandika barua kuomba kanisa. Wakati huo Erastus alikuwa ametumwa Katelembo, ambako kusanyiko jingine lilikuwa changa. Wazee walipokaa, kila mmoja alitoa udhuru wake, na ulikuwa wa kweli. Nthambi akasema, "Mimi nitaenda."

"Uko na miaka sabini," Muema akamwambia.

"Na magoti ya miaka tisini. Lakini Matuu ni tambarare."

Wakacheka, kisha wakamwekea mikono na kumwombea. Dada yake aliishi Matuu, kwa hiyo alipata pa kulala.

Jumapili ya kwanza huko, watu tisa walikusanyika katika chumba cha kushonea nguo cha mwanamke aitwaye Peris. Nthambi aliuliza kila mmoja jina lake, kwao ni wapi, na nyumbani anaomba kwa lugha gani. Watatu walisema Kikamba, wawili Kikuyu, mmoja Kimeru, waliosalia Kiswahili. Akawaambia kila mtu aombe kwa yake. Waliomba wote kwa pamoja, sauti zikapandiana, na wapita njia wakasimama mlangoni kusikiliza. Wawili kati yao wakaingia.