Mstari Ulionyooka

Jumanne mchana, msambaza chakula aliegesha pikipiki nyuma ya jiko la hoteli, akasubiri kuku wa kukaanga wa watu wengine. Tumbo lake lilinguruma kwa adabu.

Kampuni ilimlipa kwa umbali, na umbali huo iliupima kwenye ramani kwa mstari ulionyooka kama rula, kutoka jikoni hadi kwa mteja. Mto, reli na kiwanda cha sabuni havikuhesabiwa. Kuvizunguka ilikuwa hiari yake na petroli yake. Alipolalamika, meneja, mtu mwenye kitambi kikubwa kuliko busara zake, alimjibu, "Kijana wangu, ramani haina chuki na mtu."

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mkopo. Mwenye mali alikuwa shemeji yake, mume wa dada yake, na alishaapa kuichukua Ijumaa kama rejesho halitatimia.

Basi siku hiyo msambazaji aliifuata ramani. Alinyoosha usukani, akaingia ukutani mwa kiwanda, akatokea upande wa pili na chokaa kidogo begani. Mtoni magurudumu yalilowa, hayakuzama. Ng'ambo ya mto akakatiza chumbani kwa bibi mmoja aliyekuwa akikunja nguo.

"Pita, baba," bibi alisema. "Ila shuka hizo nimezifua leo."

Akaomba radhi, akapitia kabatini.

Kufikia Alhamisi safari zake zilikuwa zimeongezeka maradufu, na rejesho lilikaribia kutimia. Meneja akamwita ofisini.

"Nasikia siku hizi huzunguki."

"Sizunguki, bosi."

"Kwa hiyo petroli imepungua."

"Imepungua."

"Basi na malipo yapungue, kuanzia safari za Jumanne. Tusije tukakuharibu kwa kukudekeza."

Kisha akampa dodoso la kuridhika na kazi. Lilikuwa na majibu mawili: Nimeridhika, na Nimeridhika Mno. Msambazaji akachagua la kwanza. Meneja akamuuliza kwa upole kinyongo hicho amekitoa wapi.

Ijumaa shemeji alifika mapema, amenyoa vizuri.

"Shemeji, nivumilie hadi Jumatatu."

"Dada yako anakusalimia," shemeji alisema, akawasha pikipiki, akaondoka nayo.

Kampuni haikumfukuza. Iligundua kwamba mstari ulionyooka unapitika hata kwa miguu, ikapanga malipo ya miguu, ambayo ni madogo zaidi kwa kuwa miguu haili petroli. Siku hizi anatembea na mfuko mgongoni, anapenya kuta, na kila jioni mstari humpitisha sebuleni kwa meneja wakati familia iko mezani.

"Karibu tule," husema mke wa meneja bila kusogeza sahani.

"Nimeshiba, mama. Asanteni."

Meneja huinua miguu ampishe, huku akiendelea kutafuna. Msambazaji akishatokomea ukutani, meneja huyatazama matope kwenye zulia, huchukua simu, hufungua alama za wasambazaji, na kumpunguzia nyota moja.