Marashi Mlangoni pa Sakara

Tangu basi lilipotoka Kairo asubuhi ile, Mwatumu hakutulia kitini. Mara afute kioo kwa ncha ya mtandio, mara asimame, mara amfinye Bertha pajani.

"Shoga, mchanga huo! Hauna mwisho!"

"Kwani ufukweni Raskazone hukuona mchanga?" Bertha akamjibu. "Kaa chini, utawaangukia watu wa Mungu."

Bertha alikuwa Mshambaa wa Lushoto, muuguzi mstaafu, na jirani yake wa ukuta kwa ukuta pale Makorora, Tanga. Safari ilikuwa ya kwaya ya kanisa lake la Kilutheri, watu kumi na wanne, kwenda kuona nchi waliyokimbilia Yosefu na Mariamu. Muislamu alikuwa Mwatumu peke yake, na tangu uwanja wa ndege walimtania kwamba ndiye Farao wao. Alicheka kuliko wote. Ila alijua kilichomleta.

Mumewe, Jumbe, aliongoza wageni kwenye magofu ya Tongoni kwa miaka thelathini. Pale pana msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, na kila mgeni aliyewahi kufika Misri Jumbe alimbana kwa maswali. Makaburi ya kule yakoje ndani? Kuna giza? Alipolazwa mara ya mwisho alimwambia mkewe, "Mwatumu, mmoja wetu aingie mle akaone." Sasa ni mwezi wa tisa Jumbe yuko udongoni. Aliyebaki ni mmoja.

Basi liliposimama Sakara, Mwatumu alikuwa wa kwanza kushuka. Piramidi ilipanda mbele yao ngazi kwa ngazi, jua likiipiga, na jangwa nyuma yake limenyooka mpaka mbinguni. "Yaa Rabi," akasema, akajikuta anacheka peke yake kama mwali.

Ragab, Mmisri aliyewaongoza, aliwapeleka kwenye kaburi la mkubwa mmoja wa zamani. Akasimama nje kueleza kwa Kiingereza, na Godlisten, kiongozi wa msafara, akawa anatafsiri. Wakati bado wanaeleza, Mwatumu alipenya mpaka mlangoni. Akavua viatu. Akawatolea salamu waliolala mle, akachomoa kichupa cha marashi mkobani, akarashia jiwe la kizingiti mara tatu.

Mlinzi wa kaburi aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akampokonya kichupa, akafoka, akausimamia mlango kwa mwili wake wote.

"Mama Mwatumu, umetuponza!" Godlisten akasema. "Jiwe hili lina miaka zaidi ya elfu nne, halimwagiwi kitu. Anasema wengine waingie, wewe huingii. Hapa si Tongoni!"

"Kwani wa Tongoni si wafu?" Mwatumu akamjibu, akiuchungulia mlango nyuma ya mlinzi. Kutoka Tanga mpaka hapa, aje akwame hatua mbili! Akamgeukia Ragab. "Godlisten mwanangu, mwambie hivi. Mume wangu alikuwa na kazi kama yake. Kwetu mwongozaji haingizi watu makaburini kabla ya kumsalimu mwenyeji kwa marashi. Nimekosa, sikujua. Kichupa wabaki nacho. Lakini sikuja Misri kukaa mlangoni."

Ragab alisikiliza tafsiri, akaitazama miguu mitupu ya Mwatumu juu ya mchanga wa moto. Kisha akamkabili mlinzi. Waliteta kwa mikono na kwa midomo. Mwisho mlinzi alilifuta jiwe kwa mkono wa kanzu, akakubali. Waingie wote, dakika kumi tu, bila mikoba. Ila Ragab afuatane naye kwa mkubwa wake akajibu kesi ya kichupa.

"Sasa nani atatuongoza?" wanakwaya wakanung'unika.

"Tutaingia kama ng'ombe joshoni," Bertha akasema.

Mwatumu alivaa viatu. "Nifuateni mimi."

"Wewe umewahi kuingia lini?"

"Sijawahi. Nifuateni."

Mlango ulikuwa mfupi, na baada ya lile jua, giza lilikuwa zito. Hatua chache tu, Loveness, binti wa sauti ya kwanza, akaganda. "Mimi narudi. Nakosa hewa." Waliokuwa nyuma yake wakaanza kusukumana.

Mwatumu alijua la kufanya kabla hajalifikiri. Jumbe hakumvuta mgeni mwenye hofu, alimpa kazi. "Loveness mwanangu, tuhesabie hatua. Kwa sauti, nitakuuliza."

"Moja," Loveness akasema kwa kilio. "Mbili." Kufika kumi sauti ilikuwa imetulia. Kufika ishirini na tatu chumba kikafunguka mbele yao, taa zikiwaka, na kuta nzima zimechongwa watu, nyavu, mitumbwi na samaki.

Bertha akapiga kelele, "Perege! Wallahi, huyu perege!"

"Umesilimu lini?" Mwatumu akamuuliza, na kicheko kikajaa chumba. "Usiguse ukuta, we! Haya, kambale yuko wapi?"

"Huyu hapa, ana sharubu!"

"Nani atanionyesha mtu aliyechoka?"

Wakatafuta, wakabishana kama watoto. Mmoja akaona mvuvi mwenye kitambi, mwingine ng'ombe wakivuka maji. Loveness ndiye aliyemwona ndama amebebwa mgongoni mwa mtu, kichwa amekigeuza nyuma kumtafuta mama yake. Mwatumu akatazama, akanyamaza. Alikuwa amenyamaza palepale ambapo Jumbe angenyamaza, kuwaachia wageni waone wenyewe. Moyo ukamdunda kwa furaha.

"Muda umekwisha," Godlisten akaita.

Nje Ragab alikuwa amerudi, kesi imekwisha. Aliuliza mbona walipiga kelele za harusi mle ndani. Godlisten akaanza kumweleza, lakini Mwatumu alikuwa ameshaona mlango mwingine mbali kidogo kwenye mchanga, anauendea, mkono mmoja umeshika viatu alivyovivua tena.

"Mama Mwatumu! Unakwenda wapi?"

"Kaburi lile nalo ni la nani?" akauliza bila kugeuka. "Njooni."