Kikohozi cha Fundi Viatu

Asubuhi baada ya mazishi, fundi cherehani alipangusa vumbi jeusi mezani, kama alivyofanya kila siku tangu kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kijengwe nyuma ya ukuta wao, kisha akabandika chai. Maji yalipoanza kuchemka, marehemu mumewe alikohoa. Alikohoa kutoka kwenye kigoda alichokalia akishona viatu, pale karibu na dirisha: mara mbili kavu, ya tatu ya kuvuta. Kigodani hapakuwa na mtu.

"Pole, baba," alisema binti yao, aliyeitwa Pilipili kwa ukali wa mdomo wake, huku akiendelea kufunga kamba za viatu vya shule.

Mtaa ulizoea upesi. Waliofuata viatu vyao vilivyobaki bila soli walikuta kikohozi, wakasema pole, wakaondoka.

"Afadhali wako kaacha hata kikohozi," jirani alimtania mjane. "Wangu alipohama alibeba mpaka redio."

Fundi cherehani alicheka, lakini roho yake haikuwa hapo. Macho ya Pilipili yalikuwa yameanza kuamka mekundu, na mama alitaka kitu kimoja tu: bomba lile la moshi la kiwanda lizimwe kabla halijamgeukia mtoto. Wakazi walikwishalalamika mpaka wakachoka. Manispaa iliwatuma kwa bwana afya, bwana afya akawatuma kiwandani, na kiwandani walinyweshwa soda wakarudishwa nyumbani. Basi akajitwika kigoda, akaenda Tume ya Haki za Binadamu.

Siku ya kusikilizwa, karani alikiweka kigoda mbele ya meza kuu na kukisogezea glasi ya maji, kama afanyavyo kwa mlalamikaji yeyote. Kikohozi kikaja.

"Pole," alisema mwenyekiti wa tume, mama mtu mzima mwenye miwani.

"Pole sana, mzee," alisema wakili wa kiwanda, maana alilelewa vizuri, haki yake tumpe. Kisha akadai kwamba fundi viatu alikuwa mvutaji sigara. Fundi hakuwahi kushika sigara maishani mwake, naye alikohoa mfululizo mpaka wakili akaona heri akae. Daktari wa tume aliinama, akaweka kipimo chake hewani, usawa wa kifua cha mtu aliyeketi, akamwomba mzee avute pumzi. Alisikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akasema huo ni moshi wa kiwanda na hana shaka.

"Sasa, mama," mwenyekiti aliuliza, "hasa unalalamikia nini?"

Fundi cherehani alikuwa amejiandaa kusema habari za bomba. Lakini wakati huohuo mumewe alikohoa kwa uchungu, huruma ikampanda.

"Kikohozi hiki, Mheshimiwa. Si unakisikia mwenyewe?"

Tume ilikubaliana naye kwa kauli moja. Haki ya fundi viatu ya kuvuta hewa safi ilikuwa imevunjwa, na kiwanda kiliamriwa kutibu kikohozi chake mpaka kipone. Nje watu walipiga vigelegele.

Kiwanda kilitii, hapo hakina lawama. Kila asubuhi muuguzi wake alibisha hodi, akamimina dawa kijikoni, akakiinamisha juu ya kigoda, na kijiko kikarudi kikavu. Kikohozi kililainika. Kikawa cha kusafisha koo tu. Halafu asubuhi moja maji yalichemka na dirishani kukawa kimya. Fundi cherehani alisubiri mpaka sufuria ikakaribia kuungua, ndipo akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata makaburini.

Tume ilimpongeza kila aliyehusika, ikafunga shauri. Bomba liliendelea kutoa moshi.

Hazikupita siku nyingi, Pilipili akakohoa. Mara mbili kavu, ya tatu ya kuvuta. Mama yake alimshika mkono wakaenda tume. Karani aliwakumbuka, akawavutia viti.

"Pole, mwanangu," alimwambia mtoto. Kisha akamgeukia mama, sauti chini. "Mama Pilipili, nisikudanganye. Kikohozi cha mzee kilikuwa peke yake, kila mtu alikiona. Hiki bado kimechanganyika na mtoto. Wakili atasema ni mafua, atasema ni baridi, atasema kacheza vumbini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tusubiri kidogo."

"Tusubiri nini, baba?"

Karani alivuta jagi. Alimimina maji kwenye glasi, akamsogezea mtoto.

Walipofika nyumbani, Pilipili alikalia kigoda cha baba yake ili avue viatu. Mama alimwambia ainuke. Alikipangusa kigoda vumbi jeusi, akapanda juu ya meza, akakiweka juu ya kabati.

"Mbona unanificha kiti, mama?"

"Sikufichi. Hicho si chako."

Nyuma ya ukuta tanuri liliwashwa kwa zamu ya jioni. Pilipili alikohoa, akasubiri aambiwe pole. Mama yake alikuwa bado amesimama juu ya meza, akikisukuma kigoda ndani zaidi kwa mikono miwili, mpaka kikagonga ukuta.